Miwani ya kwanza ukubwani: upime wapi, uchukue lenzi gani

Kabla hujaulizia bei ya fremu, chukua karatasi ngumu uitoboe kwa pini, tundu la milimita moja hivi. Simama mita tatu kutoka kwenye kalenda ya ukutani, ziba jicho moja, kisha itazame kupitia tundu hilo. Kama maandishi yaliyokuwa na ukungu yanatulia na kusomeka, tatizo kwa sehemu kubwa ni mwanga kutotua mahali pake ndani ya jicho, na hilo hurekebishwa kwa miwani. Kama hata kupitia tunduni bado ni ukungu, usianzie dukani. Nenda kwa daktari wa macho, kwa sababu kunaweza kuwa na jambo ambalo lenzi haitaligusa. Rudia kwa jicho la pili. Ni hapo ambapo wengi hugundua kwamba jicho moja limekuwa likibeba kazi ya yote mawili bila wao kujua.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri jaribio lolote: uoni kupotea ghafla, vimulimuli vinavyokuja na kivuli kama pazia upande mmoja, au jicho jekundu linalouma na kuona maluweluwe. Hizo ni za kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Hospitali au duka la miwani

Dar es Salaam ina njia mbili kuu za kupimwa. Moja ni kliniki za macho za hospitali: Muhimbili, hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala, na CCBRT pale Msasani. Nyingine ni maduka ya miwani yenye chumba cha kupimia, ambayo yapo Posta, Kariakoo na kwenye majengo ya biashara kama Mlimani City.

Mashine zinaweza kufanana kote. Kinachotofautiana ni kile kinachotafutwa. Dukani hutafutwa namba ya lenzi. Hospitalini huangaliwa pia jicho lenyewe: presha yake, lenzi ya ndani kama imeanza kuwa na mtoto wa jicho, retina (utando wa nyuma unaopokea mwanga), na mshipa wa fahamu ulio nyuma. Glaukoma, ile tunayoiita presha ya macho, katika aina yake ya kawaida haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni wakati mgonjwa bado anasoma herufi za mbele bila shida, kwa hiyo mtu anaweza kutoka dukani na miwani nzuri kabisa huku ugonjwa ukiendelea, na kilicholiwa hakirudi. Watu weusi waliofikia miaka 40 wamo kwenye hatari kubwa zaidi, na mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua anazidi kuwa hatarini.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: ukiwa na miaka 40 au zaidi, au una kisukari, au nyumbani kwenu kuna historia ya presha ya macho, anza hospitalini hata kama foleni itakula asubuhi nzima. Ukiwa chini ya hapo, huumwi, na tundu la karatasi limesafisha maandishi, duka lenye mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho, aliyesajiliwa linatosha kwa kuanzia.

Mwenye kisukari ana jambo jingine la kuangalia. Sukari ikipanda au ikishuka sana, lenzi ya ndani ya jicho hubadilika nayo, na namba hubadilika vilevile. Miwani iliyopimwa wiki ambayo sukari ilikuwa juu inaweza isifae kabisa baada ya dawa kukaa sawa. Subiri sukari itulie kwa wiki kadhaa ndipo upime.

Hospitalini unaweza kuwekewa matone ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi kesho yake, utaona ukungu wa karibu na jua litakuumiza. Usiende ukiendesha gari wala pikipiki. Nenda na kofia au miwani ya jua, na kama inawezekana uwe na mtu wa kukusindikiza.

Dukani, udhaifu uko kwingine: anayekupima mara nyingi anaishi kwa kuuza fremu. Tangazo la "kupima bure" si baya, lakini uliza kabla hujakaa kitini kama utapewa karatasi ya vipimo hata usiponunua. Jibu likiwa hapana, lipia upimaji mahali pengine. Vivyo hivyo kwa kadi ya bima: uliza mapema kama kituo hicho kinaipokea, na kama inagharimia upimaji peke yake au na lenzi na fremu pia.

Kipimo kamili na kipimo cha mashine tu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine unayoweka kidevu na kutazama picha ndani yake hutoa namba kwa sekunde chache, na karatasi yake hutoka kama risiti. Hiyo ni makisio ya kuanzia. Kijana anapotazama ndani ya mashine, misuli ya jicho hujikaza kana kwamba kitu kiko karibu, na mashine humpa namba ya kutoona mbali iliyo kubwa kuliko ya kweli. Akitengenezewa hiyo, ataona mbali vizuri ila kichwa kitamuuma jioni.

Kipimo kamili kina mazungumzo. Unasoma ubao wa herufi kwa kila jicho peke yake, kwa kawaida kwa umbali wa mita 6 au kwa kioo kinachoufidia umbali huo. Mpimaji anabadilisha lenzi mbele ya jicho akiuliza ipi iko wazi zaidi, kisha anapima macho mawili pamoja, na kama umefikisha umri wa kusomea kwa miwani anapima pia ukiwa umeshika maandishi mahali unapoyashika kila siku. Mwisho anakuvalisha fremu ya majaribio utembee nayo kidogo. Usione aibu kusema "zinafanana". Jibu hilo ni sahihi na humwambia mpimaji kwamba amefika. Anayemaliza yote haya kwa dakika tano ameruka kitu.

Kwenye karatasi utaona jicho la kulia (OD au R) na la kushoto (OS au L). SPH ni nguvu ya msingi: alama ya kutoa ni ya kutoona mbali, ya kujumlisha ni ya kutoona karibu. CYL na AXIS ni za astigmatizimu, yaani jicho lisilo la duara sawasawa. Ya kwanza ni nguvu, ya pili ni upande kwa nyuzi. ADD ni nyongeza ya kusomea. PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita; watu wazima wengi huwa kati ya 54 na 74. Karatasi nyingi huiacha PD wazi, kwa hiyo omba iandikwe.

Ukipima sehemu mbili ili kulinganisha, usishtuke kwa tofauti ya 0.25, kwani hata mpimaji mmoja anaweza kuipata asubuhi na jioni. Tofauti ya 0.50 au zaidi inastahili kurudiwa. Halafu kuna karatasi zinazoonekana kupingana kumbe zinasema kitu kimoja: −2.00 −1.00 × 180 na −3.00 +1.00 × 90 ni lenzi ileile, imeandikwa kwa mitindo miwili. Ili kuhakikisha, jumlisha SPH na CYL, geuza alama ya CYL, kisha ongeza au punguza nyuzi 90.

Miwani ya tayari au ya kutengenezewa

Miwani za kusomea zinazouzwa barabarani Kariakoo na kwenye maduka ya dawa haziharibu macho. Tunalisema wazi kwa sababu watu huogopeshwa bure, sawa na ile hofu kwamba ukianza kuvaa miwani macho yatazoea na kudhoofika. Kwa mtu mzima, namba ya kusomea itapanda kuanzia miaka ya arobaini avae asivae.

Ila miwani ya tayari ina namba moja kwa macho yote, haina CYL, na umbali wa katikati ya lenzi zake umekadiriwa. Inamfaa mtu anayeona mbali vizuri bila miwani, macho yake yanalingana, na anaihitaji kwa kusoma tu. Wengine wote watapata nusu ya msaada. Na kwa sababu inatuliza shida kwa bei ndogo, humfanya mtu akae miaka bila kuchunguzwa.

Ukiinunua, chagua kwa umbali wa kazi yako. Gawanya 100 kwa namba, utapata sentimita ambazo miwani hiyo huishia kwa mtu anayeona mbali vizuri. +2.00 huishia sentimita 50. +1.25 huishia 80. Kitabu na simu hushikwa kama sentimita 40, lakini skrini ya kompyuta mezani huwa 60 hadi 70, ndiyo maana mhasibu aliyenunua +2.00 anajikuta ameinamia skrini siku nzima na shingo inauma. Kwa kawaida +1.00 hutosha mwanzoni mwa miaka ya arobaini, +1.50 hadi +2.00 kwenye hamsini, +2.50 baada ya sitini. Jaribu kuanzia ndogo ukipanda, na usimame kwenye ya kwanza inayosomeka vizuri.

Miwani mbili, yenye mstari, au progresivu

Aliye chini ya miaka 40 hahitaji kuumiza kichwa hapa: lenzi ya namba moja inamtosha. Uamuzi huu ni wa yule anayehitaji namba moja ya mbali na nyingine ya karibu.

Miwani mbili tofauti ndizo zenye uwanja mpana zaidi wa kuona, na moja ikipotea unabaki na nyingine. Kero yake ni kuvua na kuvaa. Dereva wa masafa anayesoma kidogo, au fundi cherehani ambaye kazi yake yote iko mbele ya sindano, anahudumiwa vizuri zaidi na njia hii kuliko na lenzi yoyote ya gharama.

Lenzi yenye mstari, baifoko, ina dirisha la kusomea chini; la kawaida lina upana wa milimita 28, na ukingo wake wa juu hukaa usawa wa kope la chini. Sehemu ya kusomea ni pana na thabiti, na kosa dogo la vipimo halimuumizi mvaaji sana. Lakini haina kitu cha katikati. Mbele ya kompyuta utainua kidevu ili kuona kupitia dirishani, na ukivuka mstari vitu huruka kidogo.

Progresivu haina mstari: nguvu huongezeka polepole kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo unapata mbali, katikati na karibu. Kwa muuza duka anayetazama rafu, uso wa mteja, kisha kikokotoo, hakuna inayoishinda. Pembeni chini kuna ukungu ambao hauondoki, kwa hiyo unajifunza kugeuza kichwa badala ya macho. Na ndiyo inayodai vipimo makini kuliko zote. Fremu iwe na kimo cha lenzi cha milimita 30 au zaidi, na kutoka kwenye mboni hadi ukingo wa chini kuwe na karibu milimita 18, isipokuwa zile zilizotengenezwa kwa fremu fupi. PD ipimwe kwa kila jicho kivyake. Fremu irekebishwe usoni kwanza, kisha mpimaji aweke alama za kalamu kwenye lenzi za maonyesho ukiwa umekaa wima, ukimtazama usawa wa macho. Duka lisilofanya hivyo, usinunue progresivu hapo hata kwa punguzo. Wengi wanaosema progresivu "zimewakataa" walipewa lenzi sawa mahali pasipo sawa.

Kwa baifoko na progresivu pia, sehemu ya chini itakutia ukungu miguuni. Unaposhuka daladala, ngazi za kivuko cha mwendokasi au ulimi wa pantoni ya Kigamboni, inamisha kidevu utazame kupitia juu ya lenzi. Wiki ya kwanza shika bomba.

Lenzi yenyewe ni ya nini

Plastiki ya kawaida, yenye faharasa ya 1.50, huonyesha kwa usafi mkubwa na ni nafuu. Faharasa ni kipimo cha jinsi lenzi inavyopinda mwanga: ikiwa kubwa, lenzi huwa nyembamba. Hadi namba 2 hivi hakuna sababu ya kulipia zaidi. 1.56 ni nyembamba kidogo na inafaa hadi 3 au 4. Kutoka 4 hadi 6 omba 1.60, juu ya hapo 1.67. Muuzaji anayemshawishi mtu wa −1.25 achukue 1.67 "ili iwe nyembamba" anamuuzia dawa ya unene ambao hakuwa nao.

Polikaboneti ni jambo tofauti. Ina faharasa ya 1.59, haivunjiki kirahisi, na huzuia yenyewe miale ya urujuanimno (UV) ya jua. Ndiyo ya bodaboda, fundi wa gereji na mwenye jicho moja tu linaloona. Hulipiwa kwa mambo mawili: uso wake ni laini na hukwaruzika, hivyo lazima iwe na kipako kigumu, na kwenye namba kubwa huweza kuonyesha rangi kidogo kwenye kingo za vitu. Kioo halisi hakikwaruziki kirahisi ila ni kizito na kikivunjika ni hatari. Kwa mtu wa kawaida, kiache.

Wenye namba kubwa za kutoa wanaweza kupunguza unene zaidi kwa fremu kuliko kwa lenzi. Ndani ya mkono wa fremu kuna tarakimu kama 50□18-140: upana wa lenzi, daraja la puani, urefu wa mkono. Jumlisha mbili za kwanza, 68. Ikiwa PD yako ni 62, kila lenzi itasogezwa milimita 3 ndani. Fremu ya 56 kwa daraja lilelile itasogezwa 6, na ukingo wa nje utanenepa. Chagua ndogo, iliyokaribia duara.

Vipako: kipi kinastahili pesa

Kipako cha kuzuia mng'ao ndicho cha kwanza. Usiku kwenye Barabara ya Morogoro, taa za magari yanayokuja hupiga pande zote mbili za lenzi tupu na kukurudishia vivuli vya mwanga. Hiki hupunguza hilo kwa kiasi unachokiona. Ubaya wake ni kuonyesha alama za vidole, na joto hukipasua: plastiki hutanuka kuliko kipako, ndipo hutokea nyufa ndogo kama utando. Kuacha miwani kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani kunatosha.

Lenzi zinazobadilika rangi juani zina mipaka ambayo Dar huionyesha vizuri. Hufanya kazi kwa miale ya urujuanimno, na kioo cha mbele cha gari huizuia mingi, kwa hiyo nyingi hazigeuki ukiwa unaendesha. Tena joto huzifanya zisiwe nyeusi sana. Anayetembea au kupanda pikipiki atazifurahia. Dereva afadhali awe na miwani ya jua yenye namba yake.

Kipako cha kuchuja mwanga wa bluu wa skrini tusingekilipia. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba kinapunguza uchovu wa macho wa kompyuta katika muda mfupi. Macho yanayochoka mbele ya skrini mara nyingi yanataka namba sahihi ya sentimita 65, kupepesa, na kutazama mbali kila baada ya muda.

Fremu na pua yako

Fremu nyingi za plastiki zenye daraja lisilorekebishika hukatwa kwa pua nyembamba na ndefu. Kwenye pua pana huteleza, na jasho la Machi humalizia kazi. Ikishuka milimita 4, dirisha la baifoko nalo limeshuka. Chukua yenye vipedi vya puani vinavyorekebishika, au daraja pana linalokaa bila kubana. Chuma cha bei ya chini huota kutu ya kijani kwa jasho na hewa ya bahari, titani haioti. Asetati, plastiki ya fremu nzito kidogo, huweza kupashwa moto na kukunjwa ifuate sikio, ilhali TR90, aina nyingine ya plastiki, ni nyepesi na haivunjiki ovyo lakini hurudi umbo lake. Anayevaa helmeti achukue mikono myembamba iliyonyooka.

Siku ya kuchukua

Omba lenzi zipitishwe kwenye lensometa, mashine ya kusoma namba ya lenzi, mbele yako na namba zisomwe dhidi ya karatasi. Kwa namba ndogo, tofauti isizidi 0.12. Kwenye CYL kubwa angalia nyuzi: 2.00 ikikaa nyuzi 10 nje ya mahali pake huacha karibu theluthi ya kosa bila kurekebishwa. PD nayo ina uzito kulingana na namba. Mwenye −5.00 akiwekewa lenzi milimita 4 nje ya mboni anapata prizimu ya 2, yaani mwanga kupindishwa pembeni, ya kutosha kumtia kichwa kuuma na kuona vitu viwiliviwili, mwenye −1.00 anapata 0.4, huenda asihisi.

Kisha tazama mbali kwa jicho moja moja, soma kwa umbali wako, inama, tikisa kichwa. Sakafu inayoonekana kuinama au milango iliyopinda ni kawaida kwa CYL mpya, na hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili ukivaa mfululizo. Kuona viwiliviwili, au jicho moja kubaki na ukungu tangu siku ya kwanza, si jambo la kuzoea: rudi na karatasi, lenzi zipimwe tena kabla ya kupima macho upya. Kabla hujalipa, pata maandishi kwenye risiti kuhusu nani anagharimia lenzi mpya ikiwa vipimo vimekosewa.

Safisha kwa kusuuza vumbi kwanza kwa maji baridi, tone la sabuni ya vyombo, kisha kitambaa laini. Pindo kavu la khanga au fulana lenye vumbi hukwaruza, na jiki huharibu vipako.

Piga picha karatasi ya vipimo uiweke kwenye simu. Pima tena baada ya miaka miwili, au kila mwaka ukiwa na kisukari au presha ya macho kwenye ukoo. Na mzee wa nyumbani akianza ghafla kusoma gazeti bila miwani yake ya kusomea, mpeleke hospitali: mtoto wa jicho anapoanza huweza kusogeza namba hivyo, na uoni wa mbali hufuata kufifia.